Rejesho la Nyumba na Msimu wa Korosho: Kulipa Deni la Benki Bila Kusimamisha Maisha

Mwaka wa kwanza wa mkopo wangu wa nyumba nililipa shilingi 6,718,000 bila kukosa hata mwezi mmoja. Mwezi wa kumi na mbili nikaingia tawini kifua mbele, nikauliza deni limebaki kiasi gani. Nilikuwa nimekopa milioni 40. Binti wa dirishani akanitajia: milioni 39 na laki mbili na thelathini elfu. Nikamwambia aangalie vizuri, huenda amefungua akaunti ya mtu mwingine. Akaangalia tena. Ilikuwa yangu.

Naandika haya nikiwa Mangamba, Mtwara mjini, ndani ya nyumba hiyohiyo, deni likiwa mwaka wa saba. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mke wangu anabangua na kuuza korosho, tuna watoto watatu na ekari mbili za mikorosho huko Tandahimba alizoniachia mama. Mwaka wa pili nililipa deni kwa hasira. Nilifundisha tuisheni mpaka saa tatu usiku, nikakata kila kitu nyumbani hadi samaki, akiba sikuweka hata shilingi. Deni halikushtuka, presha ndiyo iliyopanda. Ninachoeleza hapa ni utaratibu tuliouweka baada ya hapo. Unamfaa zaidi mtu wa Mtwara au Lindi ambaye mshahara wake ni wa kila mwezi lakini fedha yenye uzito humjia kwa msimu.

Hatua ya 1: Lijue deni kwa namba

Chukua karatasi. Andika deni lililobaki, zidisha kwa riba ya mwaka, gawa kwa 12. Kwa milioni 40 na riba ya asilimia 15 unapata 500,000. Hiyo ni riba ya mwezi mmoja. Kwa mkopo wa miaka 15, rejesho lake ni kama 560,000 kwa mwezi. Kumbe katika hiyo 560,000, laki tano nzima inakwenda kwenye riba, na 60,000 tu ndiyo inayogusa deni. Mwezi unaofuata riba inapungua kidogo sana na deni linaguswa zaidi kidogo, na ndivyo inavyokwenda kwa miezi 180. Ukijumlisha yote, milioni 40 umeirudisha kwa takriban milioni 100 na laki saba.

Sisemi hivi ili uichukie benki. Bila mkopo ule ningekuwa bado napanga Chikongola. Nasema ili ujue mahali pa kulishika hili deni. Mikopo ya nyumba nchini kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizungukia asilimia 15 hadi 19, kwa hiyo weka riba yako mwenyewe, piga hesabu yako, kisha nenda tawini ukaombe ratiba ya marejesho iliyochapwa mwezi kwa mwezi. Ni haki yako.

Ukiwa hapo hapo, uliza mambo manne na upate majibu yaliyoandikwa. Riba inapigwa kwenye deni linalobaki au kwenye fedha yote uliyokopa mwanzo? Inaweza kubadilika katikati ya mkopo? Ukilipa zaidi ya rejesho, kuna faini? Na bima ya mkopo inalipa nini ukifa au ukipata ulemavu? Wengi wetu tulisaini kurasa kumi na tano bila kujua jibu hata moja.

Hatua ya 2: Soma slipu ya mshahara mpaka mwisho

Chukua mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa 1,600,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, ambayo ni 80,000. Kodi ya mshahara ni 284,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 48,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, yaani 32,000. Inabaki 1,156,000. Ondoa rejesho la 560,000, mkononi unabaki na 596,000 hivi.

Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na hapo theluthi ni 533,000 na kitu. Kwa hiyo mfano wetu umepita, lakini umepita kwa tundu la sindano. Mtu huyohuyo akiwa na deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, anakatwa asilimia 15 nyingine ya msingi, yaani 240,000, na mkopo huo hautapita. Walimu wenzangu kadhaa wamekasirika benki kwa kunyimwa, wakidhani wamebaguliwa, kumbe hesabu ilishagoma kwenye slipu.

Ukishapata namba ya mwisho, hiyo ndiyo fedha ya kuishi. Usihesabu tuisheni, wala korosho, wala posho ya kusimamia mitihani. Kama fedha ya kila mwezi haitoshi chakula, umeme, maji na nauli, tatizo lipo kwenye mkopo wenyewe. Hapo kaa na benki mzungumze kuhusu kuongeza muda kabla hujaanza kujinyima.

Hatua ya 3: Ua mikopo midogo

Hii haina maelezo marefu. Mkopo unaotoza asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka. Ule wa nyumba ni 15. Ukiwa na laki mbili za ziada na una kausha damu mahali, au mkopo wa simu unaojirudia kila mshahara ukiingia, peleka laki mbili huko kwanza. Nyumba itasubiri. Na usikope kwenye kikoba ili uongeze rejesho la nyumba. Nimeona mtu akifanya hivyo, tena mhasibu.

Hatua ya 4: Weka akiba ya miezi mitatu kabla ya kumpa benki shilingi ya ziada

Hapa ndipo nilipokosea mwenyewe. Fedha ukishaiingiza kwenye deni la nyumba huwezi kuirudia. Imekwenda. Mtoto akilazwa hospitali ya Ligula usiku, benki haitakurudishia laki moja kwa sababu mwezi uliopita ulilipa zaidi.

Kiwango changu ni marejesho matatu, yaani kama 1,680,000, pamoja na chakula cha miezi hiyo. Ukiwa umeajiriwa na serikali unaweza kupunguza kidogo, kwani mshahara wako haukatiki kirahisi. Ukiwa kampuni binafsi, kiwandani au kwenye miradi ya gesi, ongeza mpaka miezi sita. Mikataba ya huko huisha siku yoyote.

Iweke wapi? Kikoba ni kizuri kwa mambo yake, lakini fedha yake imefungwa mpaka siku ya kuvunja, na dharura haingoji Desemba. Nyumbani haikai, ndugu watainusa. Mimi nimeiweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS: unaingiza kidogo kidogo kwa simu, inapata faida, na ukiitaka unaipata ndani ya siku chache. Hizo siku chache ndizo ninazozipenda. Zinatosha kunizuia nisiichukue kwa ajili ya jezi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa na sisi wa huku tukabaki kama kisiwani. Bidhaa za dukani zikapanda, na mke wangu alikuwa na mzigo wa korosho uliokwama njiani. Mwezi ule tulikula akiba. Rejesho lilikatwa kama kawaida, na sikumpigia mtu simu.

Faida ya pili ya akiba ni ya kwetu huku kusini. Mwenye akiba hauzi kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada. Anayeuza korosho Julai zikiwa bado maua juu ya mti, kwa bei ya kutupa, hafanyi hivyo kwa ujinga. Ana shida ya laki moja leo. Mpe laki moja ya kwake mwenyewe, na atasubiri mnada.

Hatua ya 5: Fedha ya msimu iguse deni mapema

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ningekuwa na nafasi ya kukueleza moja tu ningekueleza hii.

Rudi kwenye karatasi yako ya mwanzo. Milioni 40, asilimia 15, miaka 15. Tuseme mwisho wa mwaka wa kwanza umepata milioni 2 na umezipeleka zote kwenye deni la msingi (fedha uliyokopa yenyewe, si riba), mara moja tu, halafu ukaendelea na rejesho lako la kawaida. Mkopo unaisha miaka miwili na kidogo kabla ya wakati, na unaokoa riba ya zaidi ya milioni 11. Sasa chukua milioni 2 hizohizo uzipeleke mwisho wa mwaka wa kumi. Utaokoa miezi saba hivi na milioni 2 na kidogo. Fedha ni ileile na deni ni lilelile, ila umechelewa. Shilingi ya mwanzo inaua riba ya miaka mingi iliyo mbele yake. Ya mwishoni inakuta riba imeshaliwa.

Ukiweza kupeleka 1,200,000 kila mwaka baada ya minada, mkopo wa miaka 15 unaisha chini ya miaka kumi. Riba utakayookoa inapita milioni 20. Hiyo ni nyumba nyingine, au chuo cha watoto wawili.

Lakini korosho usimwahidi benki. Ekari mbili zangu zina mikorosho kama hamsini, na ikipuliziwa sulfa kwa wakati nategemea kilo mia tano hivi. Msimu wa 2024/25 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo minadani. Msimu uliotangulia ilikuwa ikizungukia 2,000. Shamba lilelile, jasho lilelile, mapato nusu. Na wa 2018 mnaukumbuka, mnada uliposimama na serikali ikatangaza kununua kwa 3,300, kusubiri malipo kulivyokuwa. Mtu aliyechukua rejesho kubwa akitegemea korosho ndiye aliyeumia. Rejesho lilipwe na mshahara, msimu ufupishe deni.

Kwa hiyo tunagawa kwa mafungu, kwa sababu kiasi hatukijui. Malipo yakiingia kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kwanza tunatoa gharama za shamba za mwaka unaofuata: kupalilia, kupogolea na mpuliziaji. Sulfa ya ruzuku haijipulizi yenyewe. Kinachobaki, nusu inakwenda kwenye deni la msingi, robo inakwenda kwenye ada na akiba, na robo ya mwisho ni ya kwetu na haiulizwi maswali. Mwaka juzi ilikuwa godoro jipya na safari ya Msimbati na watoto. Mke wangu ndiye aliyeshikilia hiyo robo ya mwisho, mimi nilitaka kuifuta. Sasa naona bila hiyo tungekuwa tumeshaacha zamani, kwani hakuna anayekubali kuvuna miaka kumi kwa ajili ya benki.

Mwenzangu wa Lindi, Nachingwea au Ruangwa, wewe una ufuta unaouzwa katikati ya mwaka na korosho mwishoni. Una nafasi mbili. Usisubiri ukusanye za mwaka mzima. Peleka ya ufuta ikiingia, kwani riba inahesabiwa kila mwezi.

Asiye na shamba naye ana msimu wake: malimbikizo ya mshahara, posho ya usimamizi, kikoba kikivunjwa, chumba cha nje anachopangisha. Hapo kwenye chumba nina neno. Mwaka 2012 na 2013 habari za gesi zilipovuma, viwanja vya Mtwara na Lindi vilipaa, na watu wakajenga wakisubiri wapangaji wa makampuni. Mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, bado unazungumzwa. Wanafunzi wa vyuo wao wapo kila mwaka, wanatafuta geto, wanalipa. Mjengee mpangaji unayemwona.

Hatua ya 6: Andika barua, usiweke fedha na kuondoka

Mara ya kwanza kulipa zaidi niliingiza milioni mbili kwenye akaunti ya mkopo, nikachukua risiti, nikarudi nyumbani nikiimba. Baada ya miezi minne nikagundua benki ilizishika kama marejesho ya miezi ijayo. Riba ilikuwa ikiendelea kupigwa kwenye deni lilelile kana kwamba sijatoa kitu. Niliyekwenda kumlalamikia alinisikiliza kwa upole, akaniuliza, "Mwalimu, ulituandikia?" Sikuwa nimeandika.

Kwa hiyo andika. Barua inatosha iwe na maneno haya:

"Yah: Malipo ya ziada kwenye deni la msingi. Mimi mwenye akaunti ya mkopo iliyotajwa hapo juu nimeweka shilingi (taja kiasi) leo tarehe (taja). Naomba fedha hizi zipunguze deni la msingi kuanzia leo. Naomba rejesho la kila mwezi libaki kama lilivyo na muda wa mkopo ufupishwe. Naomba pia nipewe ratiba mpya ya marejesho."

Sentensi ya kubakiza rejesho na kufupisha muda usiiache. Usipoiandika, benki inaweza kupunguza rejesho lako na kuacha miaka vilevile. Utafurahi kuona mshahara umeongezeka elfu thelathini, huku faida kubwa imekupita. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri, urudi nayo. Wiki mbili baadaye rudi kuangalia.

Hatua ya 7: Michango, harusi na cheo cha mjomba

Vitabu vya fedha havina sura hii. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba si ndugu wa kupita. Mpwa akichezwa unyago au akiingia jandoni, mjomba anatazamwa. Na sherehe hizi zinaangukia likizo za shule, Juni na Desemba, na Desemba ndiyo fedha za korosho zimeingia na harusi zimepangana kama magari ya mnadani. Mwaka mmoja nilihesabu kadi za michango sita ndani ya wiki tatu. Mbili nilizilipa kwa mkopo wa simu. Nilikuja kuumaliza Machi.

Kukataa kila kitu siwezi, na sikushauri. Ukilazwa kesho, hao ndio watakaokubeba, na hakuna bima inayofanya kazi hiyo. Tulichofanya ni kuweka fungu. Kila mwezi 30,000 inaingia kwenye laini ya simu ya pembeni, inaitwa ya mjomba. Mwaka mzima ni 360,000. Kadi zikija tunagawa humo, wapwa wa damu kwanza, wengine kwa kadiri. Ikiisha, imeisha. Dada yangu mkubwa alininunia mara moja. Nilimwita nyumbani, nikamwonyesha ratiba ya marejesho, ukurasa kwa ukurasa. Akasoma kimya, halafu akasema, "Mdogo wangu, kumbe wewe ni mpangaji mwenye hati." Tangu hapo ananitetea kwenye vikao vya ukoo kuliko ninavyojitetea.

Mchango wa nguvu nao ni mchango. Kusimamia jiko, kutafuta turubai, kuandika bajeti ya kamati. Hizo kazi hazina foleni ya watu.

Hatua ya 8: Mwili usiwekwe rehani

Zahanati walinipima 160 kwa 100. Sikuwa naumwa popote. Nilikuwa nimeongozana na mtoto, muuguzi akaniambia, baba na wewe kaa hapa. Nilikuwa nalala saa tano kwa siku na kuamka kila saa tisa usiku kupiga hesabu ambazo asubuhi zilikuwa zilezile.

Baada ya hapo niliacha tuisheni ya usiku, nikabaki na ya Jumamosi asubuhi. Nilipoteza kama 80,000 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye rejesho la 560,000 hiyo ni fedha, sikatai. Lakini dawa za presha ni za maisha, na mwalimu akipigwa na kiharusi analipa deni kwa mkono upi?

Pima presha na sukari angalau kila baada ya miezi mitatu. Kadi ya bima unakatwa kila mwezi, itumie. Tembea. Ukitoka Shangani kufuata ufukwe jioni hakuna anayekutoza kiingilio. Usipunguze chakula kwa kupunguza sahani, badilisha kilichomo. Kisamvu cha nazi, mbaazi, dagaa, samaki wa asubuhi wanaponunuliwa kwa wavuvi wenyewe, ming'oko (viazi pori vya huku) msimu wake ukifika: hivi ndivyo vyakula vyetu, na ni rahisi kuliko soseji na soda tulizokuwa tunanunua kwa kuonekana tuna nyumba.

Kisha kuna kikao. Jumapili ya mwisho wa mwezi, mimi na mama watoto, chai, daftari, nusu saa. Deni limebaki kiasi gani, akiba imefika wapi, nani anaumwa, nani amechoka. Nje ya nusu saa hiyo, deni halizungumzwi mezani. Kabla ya kuweka sheria hii, kila ugomvi wetu, hata wa chumvi, ulikuwa unaishia benki.

Na kama umekopa kwa siri, vunja siri leo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi pale nyumba ya familia inapowekwa rehani, kwa hiyo sahihi yake ilitakiwa kuwepo toka mwanzo.

Hatua ya 9: Malengo mengine yasigande

Deni la miaka kumi haliwezi kuwa sababu ya kutosomesha wala ya kutoweka chochote cha uzeeni. Sisi tuna mfuko mdogo wa mtoto wa kwanza wa kwenda chuo, unaingia 20,000 kwa mwezi, hata mwezi mbaya. Hauna hesabu kali. Kwa hesabu tupu, kulipa deni la asilimia 15 ni sawa na kuwekeza mahali panapokupa asilimia 15 bila wasiwasi, na pahali pa namna hiyo ni pachache. Lakini mtoto anafika kidato cha sita siku yake, deni liwe limeisha au halijaisha. Ukiwa na shilingi milioni moja iliyokaa, unaweza pia kulinganisha na hatifungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu. Riba yake ikizidi ya mkopo wako, nunua, ikiwa chini, peleka kwenye deni. Mimi mpaka sasa nimekuwa nikipeleka kwenye deni.

Hatua ya 10: Itunze nyumba unayoilipia

Hewa ya chumvi haina huruma. Nyumba za Shangani na Mikindani, misumari ya paa inaota kutu kabla rangi haijapauka. Weka kiasi kidogo kila mwezi cha paa, mchwa na mabomba. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, hiyo hujisahau. Kodi ya pango la ardhi haijikati, inakusubiri na adhabu zake. Ilipe kila mwaka, kwani hati ndiyo dhamana.

Hatua ya 11: Ukiona rejesho litakwama, tangulia benki

Usizime simu. Benki kabla ya kuuza nyumba lazima ikupe notisi ya maandishi ya siku 60, lakini ukingoja notisi umeshachelewa kupata masharti mazuri. Nenda mwezi uleule unapoona mambo yameharibika, na barua mkononi, omba muda uongezwe au ulipe riba tu kwa miezi kadhaa. Benki nyingine inaweza pia kukununua deni kwa riba ndogo zaidi. Hapo piga hesabu ya gharama za kuhamisha rehani, uthamini mpya na bima mpya kwanza, na ukatae katakata kuongezewa fedha juu yake. Kile kinono cha juu ndicho chambo.

Hatua ya 12: Wosia

Bima ya mkopo kwa kawaida humaliza deni aliyekopa akifariki. Basi nyumba inabaki safi, bila deni, na hapo ndipo maneno huanza. Kwa mila za huku ukoo unafuata upande wa mama, na nimeona wapwa wakidai nyumba ya mjomba ambayo mjane aliilipia kwa miaka tisa ya vitumbua. Hawakuwa watu wabaya. Hapakuwa na karatasi.

Andika wosia, wenye mashahidi, na utaje nyumba kwa namba ya kiwanja. Mwislamu akumbuke wosia hauvuki theluthi na hauendi kwa warithi, kwa hiyo kama mlijenga pamoja ni bora jina la mwenzi liwemo kwenye hati yenyewe. Mwambie mwenzi wako bima ni ya kampuni gani na mkataba umewekwa wapi.

Hatua ya 13: Siku ya mwisho

Rejesho la mwisho halifuti rehani. Omba benki barua ya kumaliza deni, hati yako halisi, na nyaraka za kuondoa rehani zilizosainiwa. Zipeleke ofisi ya ardhi ya mkoa zisajiliwe. Kisha omba upekuzi wa hati yako mwenyewe, ulipie, usome kwa macho yako kwamba rehani imefutwa. Mpaka siku hiyo, risiti zote na zile barua zenye muhuri zikae pamoja. Za kwangu zipo juu ya kabati, kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kwa sababu ya mchwa.